Babu Aling'olewa Kahawa

Miaka ile Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine kilipokuwa kitabu teule cha kidato cha nne, nilikuwa na mwanafunzi hapa Thika ambaye hakuwa mtu wa kupoteza alama. Ukimpa dondoo, anakupa muktadha papo hapo: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, kumetokea nini. Ukimwuliza mbinu za lugha, anazitaja kama anayefunga vifungo vya shati, kimoja baada ya kingine bila kutazama: tashbihi, tashihisi, takriri, balagha, nidaa, na mfano wa kila moja. Siku moja nilikuwa narudisha karatasi za majaribio. Yeye alikuwa amepata kumi na nane kwa ishirini. Nikamwuliza swali ambalo halimo katika mtihani wowote: hadithi yenyewe ilikufanya nini? Alinyamaza, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, pale jitu linapokula, nilisikia njaa. Halafu nikaona aibu."

Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, maana msichana huyu alikuwa amesema juu ya mtindo wa Said Ahmed Mohamed jambo ambalo sikuwahi kuliandika ubaoni. Hadithi ile inahusu wanyonge wa Madongoporomoka, ambao ardhi yao wakubwa wanaimezea mate. Jitu linaingia mkahawani, linakula chakula chote kilichopo, na baadaye yanakuja mabuldoza. Msomaji anajua tangu mwanzo yuko upande wa nani. Lakini mlo ule unapoendelea, mate yanamjaa kinywani hata yeye, na kwa muda mfupi tumbo lile linakuwa lake. Msichana aliona aibu kwa sababu alijikuta amekaa meza moja na mnyang'anyi. Katika majibu yake yaliyopata kumi na nane, jambo hilo halikuwemo hata kwa neno moja. Nami sikuwa nimempa mahali pa kuliandika.

Nimelifikiria sana tukio hili, na ninaamini kosa letu halianzii katika karatasi ya fasihi. Linaanzia shule ya msingi, tunapomfundisha mtoto kuandika insha. Tunampa orodha ya misemo aikariri, ya kuelezea alfajiri, ya kuelezea furaha, ya kuelezea mtu aliyekimbia, kisha tunamwambia aipambe insha yake. Mtoto anaelewa kwamba kuna kusema, halafu kuna kupamba, na kwamba sentensi huja uchi mpaka uivishe. Baada ya miaka minane tunampa hadithi fupi na kumwambia ajadili mtindo. Atafanya nini? Anatafuta mapambo, anayachuma, anatuletea kikapu, nasi tunahesabu. Mwandishi anakuwa mtu aliyemaliza kusema alilotaka kusema kisha akazunguka akinyunyiza tashbihi kama mtu anayetia chumvi.

Sisemi istilahi hazina kazi. Kamusi ya Fasihi ya Kyallo Wadi Wamitila, iliyotoka mwaka 2003, iko mezani pangu, na jalada lake limechakaa kwa kushikwa. Ukitembea kando ya mto Chania bila kujua jina la mti hata mmoja utaona ukijani tu, na asiyejua tofauti ya kinaya na kejeli ataona maneno tu. Jina la kitu linakufanya usimame mbele yake. Shida ni yule anayesimama, anataja jina, anaondoka.

Siku hizi nina jaribio moja tu ninalolitegemea. Chukua sentensi ya mwandishi, iseme kwa namna nyingine ambayo lugha inairuhusu, kisha utafute kilichopotea. Habari haijabadilika, kilichopotea ndicho mtindo.

Tuanze na lile jitu. Mwandishi angeweza kuliita mtu mnene, au tajiri mmoja, au bwana mkubwa. Wote hao wangeingia mkahawani kwa ngeli ya watu: akaketi, akala, akanywa, akaondoka. Ukisema jitu, sarufi yote inahama. Likaketi, likala, likanywa, likaondoka. Ile li- ni upatanisho wa jiwe, wa shoka, wa pipa. Na buldoza je? Nalo ni la ngeli hiyohiyo: buldoza lilikuja, mabuldoza yalikuja. Kabla mashine haijawashwa, upatanisho wa sarufi umekwisha kututambulisha kwake. Jitu na buldoza ni ndugu wa ngeli moja, na msomaji amelizoea sikioni dundo la li- li- li- kabla hajaona ukuta ukianguka. Sihitaji kujua kama mwandishi alikaa akapanga hivyo. Ninachojua ni kwamba ukiandika mtu mnene, undugu huo unakatika. Na katika orodha za mbinu za lugha, mahali pa ngeli sijapaona bado.

Hata anwani inapita katika jaribio hilo. Tumbo lisiloshiba halina wakati. Ukisema tumbo ambalo halikushiba, umesimulia siku moja. Ukisema tumbo ambalo halitashiba, umetabiri. Lakini -silo- ya Kiswahili haina jana wala kesho. Inasema kitu kilivyo tangu kilipoumbwa. Katika mkusanyiko huohuo marehemu Ken Walibora ana hadithi iitwayo Nizikeni Papa Hapa. Jaribu kuigeuza iwe Nataka Kuzikwa Hapa. Amri imekuwa ombi, watu wanaoamrishwa wametoweka, na ule mguu unaopigwa chini katika papa hapa haupo tena.

Naishi Ruiru na kufundisha Thika, kama kilomita 20 hivi, na hadithi fupi nyingi nimezisomea kwenye matatu. Tangu barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa Novemba 2012, hadithi ya kurasa nane inakwisha kabla sijashuka, kama Juja hakuna msongamano. Edgar Allan Poe, alipokuwa akihakiki hadithi za Nathaniel Hawthorne mwaka 1842, alisisitiza kwamba hadithi ya aina hii isomwe kwa kikao kimoja, ili mguso wake usikatizwe na shughuli za dunia. Kikao changu kina viti kumi na vinne na makanga anayegonga bodi, lakini hoja yake naikubali. Ufupi wa hadithi si upungufu wa riwaya. Unageuza namna maneno yanavyokaa pamoja.

Ruiru ina mfano wake wa jambo hili, na umo shambani. Kituo cha utafiti wa kahawa kilichoko hapa ndicho kilichotoa mwaka 1985 aina iitwayo Ruiru 11, baada ya ugonjwa wa chule buni kuwatesa sana wakulima mwishoni mwa miaka ya 1960. Ilitafutwa ili iuhimili ugonjwa huo pamoja na kutu ya majani. Lakini mgeni akiingia shambani, kwanza huona ufupi wake. Ni mti wa kimo cha chini, matawi yamebanana. Aina za zamani hupandwa kama miti 1,330 katika hekta. Hii unaweza kufikisha 2,500. Wanaoionja kwa kijiko wamebishana miaka na miaka kama inaifikia aina ya zamani, SL28, kwa ladha, na ubishi huo nawaachia wao. Mimi nilivutwa na nafasi kati ya mti na mti. Katika riwaya neno linaweza kusimama peke yake ukurasa wa ishirini, lisiguswe tena. Katika hadithi fupi kila tawi linagusa jingine. Kikombe kilichowekwa mezani ukurasa wa kwanza kinasikika kikivunjika ukurasa wa saba hata kama hakuna aliyekigusa. Kwa hiyo anayechambua mtindo wa hadithi fupi asiichomoe tashbihi moja akaipeleka nyumbani kama tawi lililokatwa. Aulize inamgusa nani.

Sasa nifike kwenye sentensi iliyonifanya niandike haya.

Jumamosi tunakutana watu saba au wanane, Thika, katika chumba kilicho juu ya duka la nguo, tunasomeana tulichoandika. Mmoja wetu ni kijana wa Ruiru anayeuza saruji na mabati katika duka la vifaa vya ujenzi. Alituletea hadithi ya kurasa sita. Mzee ana shamba dogo la kahawa. Wanawe wanaleta broka. Broka analeta wapima ardhi. Shamba linakatwa ploti za hamsini kwa mia. Mzee anabaki na ploti moja yenye nyumba na mparachichi. Ukiwa mkazi wa Ruiru huhitaji kuelezwa zaidi. Tatu City, mji mzima unaojengwa ubavuni mwetu, umesimama juu ya yaliyokuwa mashamba ya kahawa. Habari ile haikuwa na jipya kwa yeyote chumbani, na kwa sababu hiyo kila kitu kilitegemea jinsi ilivyosimuliwa.

Katika ukurasa wa nne palikuwa na sentensi moja imekaa kama aya nzima: Babu aling'olewa kahawa.

Nilichukua kalamu nyekundu. Pembeni nikaandika utata, na juu yake nikaandika sentensi safi: Kahawa ya babu iling'olewa. Ndivyo tunavyofundisha. Katika karatasi ya lugha utata ni ugonjwa unaotibiwa. Toa maana mbili, kisha andika upya pabaki maana moja. Kijana alisahihisha kwa heshima, akaleta nakala mpya, nami nikairidhia. Hadithi ilikuwa imenyooka. Ilikuwa pia imepoa, na sikujua imepolea wapi.

Kundini yumo dada mmoja asiyeona, aliyesoma Shule ya Vipofu ya Thika, ile iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Husomewa hadithi zetu, kisha huzichapa kwa nukta nundu ili akazisome mwenyewe nyumbani. Nakala aliyokuwa nayo ilikuwa ile ya kwanza, kabla ya kalamu yangu. Jumamosi hiyo ilikuwa zamu yake kusoma kwa sauti. Kidole kikatembea, kikatembea, kikafika ukurasa ule. Akasoma, "Babu aling'olewa," na mstari ukaishia hapo. Akainua mkono, akautelemsha, akatafuta mwanzo wa mstari wa chini. Akasema, "kahawa."

Kati ya neno la pili na la tatu, sisi sote tulikuwa tumemwona mzee hewani, mizizi inaning'inia.

Macho yangu yalikuwa yameinyima sentensi nafasi hiyo. Jicho huruka, huona maneno matatu kwa pamoja na kuyapa maana kabla hayajatamkwa. Kidole hakina pa kurukia. Katika nukta nundu hata mkato una chumba chake, sawa na herufi. Dada yule aliwahi kuniambia kwamba kwake mkato ni kitu anachokikanyaga. Tangu siku ile najilazimisha, kabla ya kuchambua hadithi yoyote, kuisoma kwa sauti yote, polepole, hata zile sehemu ninazodhani nazijua. Mtindo unafika kwa wakati wake, neno baada ya neno, na anayeitazama sentensi kama picha ukutani hauoni ukifika.

Nilipokaa na sentensi ile usiku, niligundua nilikuwa nimeng'oa kiasi gani. Kiswahili kinampa mwandishi vitenzi vitatu mahali hapa. Wanawe waling'oa kahawa: wahusika wako wazi, unaweza kuwashtaki. Kahawa iling'olewa: kuna mkono, lakini umefichwa. Kahawa iling'oka: hakuna mkono kabisa, ni kama mvua imenyesha na udongo umelegea. Hadithi ngapi za ardhi zimeandikwa kwa hicho kitenzi cha tatu! Nyumba zikabomoka, miti ikakatika, watu wakatawanyika, na msomaji anafunga kitabu bila kujua amchukie nani.

Kijana hakuchagua hata kimoja kati ya hivyo. Alichukua kitu ambacho lugha yetu inacho kwa ajili ya waliopotewa. Tunasema mtu amefiwa. Ameibiwa. Ameharibikiwa. Amenyeshewa. Katika vitenzi hivi anayetajwa kwanza si aliyetenda wala kilichotendwa, ni yule aliyeachwa na pengo. Babu aling'olewa kahawa imeketi katika safu hiyo ya wafiwa. Tena kila mtu Thika na Ruiru akisikia kung'olewa hufikiri kwanza jino. Nimeng'olewa jino: tunasema tukiwa tumeshika shavu. Kwa hiyo kahawa ya mzee imeng'olewa kutoka kinywani mwake, na ulimi wake utaendelea kulitafuta tundu. Halafu kuna wale wana. Sentensi haikusema na nani. Mjukuu anayesimulia anajua ni baba yake na baba zake wadogo, na ameshindwa kuwataja. Kimya hicho si cha yule anayesema kahawa iling'oka. Hapa mkono upo, tunausikia katika -ew-, lakini mwenye mkono ni mtu wa nyumbani.

Mimi niliandika utata. Utata ndio uliokuwa umebeba mzigo wote.

Hata neno kahawa. Kamusi ingemtaka aseme mibuni, kwa kuwa mbuni ndio mti, buni ni tunda, na kahawa ni ile iliyo kikombeni. Kiambu hatusemi hivyo. Huku mti ni kahawa, tunda ni kahawa, malipo ya kila mwaka ni kahawa, karo ya shule ni kahawa. Angeandika mibuni, msomaji wa Ruiru angeona picha ya kitabuni. Alipoandika kahawa, aling'oa vyote pamoja.

Baada ya hapo nilirudi kwenye hadithi nzima nikiwa na jaribio langu, na si kila kitu kilipona. Aya ya pili ilikuwa na methali nne. Niliziondoa moja moja, na kila nilipoondoa moja hapakupotea chochote. Zile ni chumvi za shule ya msingi, na nilimwambia hivyo. Lakini siku ya wapima ardhi alikuwa ameiandika yote kwa -ka-: wakaja, wakapima, wakachomeka vigingi, wakanywa chai, wakaenda. Badilisha uweke -li-: walikuja, walipima, walichomeka vigingi, walikunywa chai, walienda. Sasa kila tendo linasimama peke yake, mtu angeweza kulizuia. Katika -ka- hakuna pa kuingilia. Tendo linasukumwa na lililotangulia, na chai ya ukarimu imebanwa katikati ya vigingi na kwaheri kana kwamba nayo ni sehemu ya upimaji. Mama wa nyumba aliwapikia watu wanaompimia kaburi la shamba lake, na lugha haikumpa nafasi ya kushtuka.

Tazama pia lugha za watu wake. Broka anasema ploti, dili, mzigo. Kiswahili chake kimechanganyika na Sheng na Kiingereza kama kila broka wa barabara hii kuanzia Githurai. Mwanafunzi atatuandikia kuchanganya ndimi, apate alama zake mbili. Ningependa aulize nani anachanganya, mbele ya nani, na anaacha lini. Wana wa mzee wakiwa peke yao na baba yao wanaongea Kiswahili kilichotulia, ambacho tunaelewa kwamba ndicho Kikuyu chao. Broka akikaribia langoni, nao wanaanza kusema ploti. Wanahama lugha kabla hawajahamisha ardhi. Mzee habadiliki; anajibu kwa sentensi zilezile fupi mpaka zinakwisha. Hapo mauzo yamekwisha kufanyika, na hakuna karatasi iliyotiwa sahihi.

Kuna jambo moja ambalo nilibishana juu yake na kijana huyu, na bado sina hakika tulilimaliza. Msimulizi wake ana miaka tisa. Anaona kila kitu kutoka chini ya mparachichi. Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Mtoto anaona vizuri zaidi, Mwalimu." Ni kweli, lakini mtoto pia haulizwi. Thika inao mfano maarufu wa hilo. Elspeth Huxley aliletwa huku mwaka 1913 akiwa na miaka sita, wakati mji ungali ukiitwa Chania Bridge, na mwaka 1959, mtu mzima wa zaidi ya miaka hamsini, akachapisha kumbukumbu zilizolipeleka jina la Thika ulimwenguni pamoja na miti yake ya maua mekundu. Aliliweka jicho la simulizi katika kichwa cha mtoto. Jicho hilo ni kali, linaona wadudu, farasi, upuuzi wa wakubwa, na msomaji analipenda. Lakini mtoto wa miaka sita hawezi kuulizwa ardhi ile ilikuwa ya nani kabla baba yake hajaipata. Swali linampita juu ya kichwa, na msomaji naye anainama pamoja na mtoto. Chambua mtindo wa kitabu hicho kwa kuhesabu tashbihi, utasifu na kwenda zako. Chambua ukiuliza nani anasimulia, na kusimulia kwake kunamwepusha na swali gani, utajikuta katikati ya historia ya Kiambu.

Nilimwambia kijana haya yote. Nikamwambia kwamba msimulizi wake wa miaka tisa sasa ni mtu mzima anayeuza saruji, pengine saruji iliyojenga juu ya ploti zilezile, na kwamba hadithi inaweza kumlinda au inaweza kumwacha asimame hapo. Hakujibu. Alikunja karatasi zake.

Kitabu teule kimebadilika tangu siku zile. Sasa darasani tuna Mapambazuko ya Machweo na Hadithi Nyingine, na orodha zinaendelea kuandikwa. Nami bado nafundisha istilahi, zote, kwa kuwa mtihani upo na watoto hawa wanaustahili ushindi. Lakini Ijumaa kipindi cha mwisho hatufungui daftari la mbinu. Naandika sentensi moja ubaoni, nawaambia waivunje kwa namna tano, kisha kila mmoja aseme alichokikosa. Mara ya kwanza walinitazama kama mtu aliyepoteza njia. Mara ya tatu mvulana mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida husinzia, alisema kwamba ukiondoa -ki- katika akilia, kilio kinakwisha. Niliiandika kauli hiyo katika kitabu changu nikaiwekea tarehe.

Kwa kijana wa Ruiru nilikuwa na deni. Jumamosi iliyofuata usomaji wa dada yule nilimrudishia sentensi yake mbele ya wote. Nilisema nilikosea, nikaeleza kwa nini, nikaeleza juu ya kufiwa na jino na wale wana wasiotajwa. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa ameinama. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi hata sikuitunga. Shosho ndiye husema hivyo, kwa Kikuyu, mtu akimwuliza mbona guka hakuishi sana baada ya shamba. Mimi niliigeuza tu."

Nikamwomba kitu kimoja. Akienda nyumbani amsikilize tena nyanya yake huyo, asimwambie ni kwa nini, aangalie tu anasimama wapi anapoisema.

Alirudi baada ya wiki mbili. Alisema shosho hulitaja jina la guka kwanza, halafu huweka kikombe chini, halafu husema kitendo.

"Na kahawa?" nikamwuliza.

"Kahawa siku hizi haitaji tena, Mwalimu. Anaishia hapo."